Barabara ya Baba kwa Filamu Moja

Tangu nirudi, kila nikienda sokoni au nikitoka kanisani kuna mmoja wenu wa kunishika mkono na kuniuliza: "Mumbua, ni kweli ulitembea kwa miguu kutoka River Road hadi Dagoretti Corner, kamera shingoni, na kamera ukarudi nayo?" Ni kweli. Nimechoka kusimulia kwa vipande, kila mtu akichukua kipande chake na kukitia chumvi, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote mara moja. Someni mkipokezana. Asiyeridhika aje studio na soda mbili, tuzungumze.

Studio yangu mnaijua, na kazi yangu mnaijua. Mtu anasimama mbele ya pazia lile la maporomoko ya maji, mikono ubavuni, kidevu juu, namwambia asipepese, nabonyeza, amekwisha. Nimewapiga hivyo nyote hapa Machakos, na waume zenu, na watoto wenu wakilia. Hakuna aliyewahi kulalamika ila mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yangu.

Baba alifanya kazi ya uchapaji River Road miaka yote ya utoto wetu. Alipanga chumba Dagoretti Corner, akawa anakwenda kazini na kurudi kwa miguu ili nauli ibaki. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Mwaitu, yaani mama yangu, alibaki na shamba na sisi, na hiyo Nairobi hakuwahi kuikanyaga. Mpaka juzi mchezo wake mkubwa ulikuwa kumwigiza mzee anavyorudi: anaingia langoni na mkono mmoja mfukoni, kidevu juu, watu wamejipanga kumsalimu na yeye hampi mtu mkono mpaka aingie ndani ya nyumba. "Bosi wa Nairobi amefika," mwaitu alisema, nasi tulicheka hadi machozi. Baba aliendelea kukoroga chai yake.

Sasa macho yanamwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Nilimpelekea picha za ubatizo wa mjukuu wake, picha ambazo nilijivunia sana. Akaziinua hadi karibu na pua, akanirudishia.

"Hii ni miti," akasema.

"Ni watu, baba."

"Basi umewapanga kama miti." Kisha akaniambia, "Mama, kabla hili tundu halijafunga, niletee ile barabara yangu. Majengo usiniletee. Niletee watu wanaotembea, wasiojua kwamba upo. Mtu akitembea nitamwona."

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na mtu akikuita hivyo huwezi kumkatalia. Nilichukua filamu moja ya nyeusi na nyeupe, ile ninayoweza kuisafisha mwenyewe kwenye chumba changu cha giza, nikafunga safari. Moja tu, kwa sababu duka lilikuwa na moja tu, na niliogopa kusubiri.

River Road

Safari ya gari naiacha, kila mmoja wenu anaijua. Nilifika mvua ikimwagika, na River Road mvua ikinyesha watu wote huwa chini ya mabati ya maduka, bega kwa bega, wakitazama maji. Nikalazimika kulala kwenye gesti moja ya ghorofani, juu ya duka la misumari na bawaba. Mwenye kuitunza alikuwa mama mnene wa Kitui, Syokau, ambaye aliniona na kamera akatikisa kichwa.

"Hiyo weka ndani ya sweta," akaniambia. "Na mfuko shika. Si kuangalia, kushika. Hapa hata sisi tunashika."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilikwenda kutafuta kile kiwanda cha uchapaji. Mlango niliupata, wenye ngazi mbili kama baba alivyonieleza, lakini ndani wanauza simu za mkono na vifuniko vyake vya rangi. Nilimuuliza muuzaji kama anajua palikuwa na mashine za kuchapa kalenda na kadi za harusi. Akasema yeye alikuta ni saluni. Basi nikageuka pale mlangoni, nikatazama upande ambao baba alikuwa akitazama akitoka kazini, nikainua kamera.

Wa kwanza kuingia kwenye lenzi alikuwa mwanamume anayevuta mkokoteni wa mabati. Alikuwa amejikunja mbele, misuli ya shingo imetokeza, mguu mmoja nyuma unasukuma dunia. Picha tamu kabisa. Kabla sijabonyeza akaniona. Akatua mkokoteni katikati ya barabara, akafuta uso kwa kofia, akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu.

"Endelea kuvuta," nikamwambia.

"Piga kwanza, madam. Niko tayari."

Magari yakaanza kupiga honi nyuma yake. Mwenzake akaja mbio akasimama kando yake, naye mikono ubavuni. Nikapiga ili barabara ifunguke. "Inatoka lini?" akauliza yule wa kwanza.

Ikawa hivyo mtaa mzima. Muuza ndizi aliweka sinia chini. Mama mmoja aliyekuwa akicheka na mwenzake aliziba kicheko, akavuta kilemba, akaganda. Walinzi wawili walivaa kofia zao sawasawa. Kila nilipoinua kamera watu waligeuka kuwa picha za kitambulisho. Nilikasirika, niseme kweli, nilikasirika nao, mpaka nilipokumbuka nani amewafundisha watu wa nchi hii kusimama hivyo. Ni mimi na wenzangu wenye mapazia. Nilikuwa nimetoka Machakos na studio yangu shingoni.

Nilikaa kwenye ngazi nikachukua kile kikaratasi kigumu cha boksi la filamu, nikakitoboa kwa kalamu. Nikakiweka jichoni, jicho jingine nikalifumba, nikaitazama River Road jinsi baba angeiona. Maandishi yote ya maduka yakapotea. Umati ukapotea. Ukabaki kipande kidogo cha njia na mtu mmoja anayekipita, na huyo mtu nilimwona kwa sekunde chache tu. Sura yake sikuipata. Nilichokipata ni mabega, hatua, na kile alichobeba. Nikajua hapo kwamba yote niliyojifunza kuhusu nyuso na taa na tabasamu hayatanifaa safari hii. Nilihitaji mtu mmoja katikati, mweusi mbele ya kitu cheupe, na awe anakwenda mahali.

Bustanini

Kutoka hapo nilipanda taratibu, nikavuka Moi Avenue, nikafuata Kenyatta Avenue hadi Uhuru Park. Sikupiga picha nyingi njiani. Nilikuwa nikitazama kupitia tundu langu, na watu wa ofisini walinipisha kama wanavyompisha mtu asiye na akili timamu.

Pale bustanini kuna wapiga picha wa kulipwa, mmewaona. Wana vizibao vya mifuko mingi na ubao wa picha za mfano: wapenzi mbele ya maua, familia kutoka mashambani mbele ya majengo marefu. Mmoja wao alinijia kabla sijakaa vizuri. Jina lake Karanja, mtu wa makamo, mvi kwenye masharubu.

"Sasa, madam. Wewe ni wa wapi? Hapa kuna watu na place zao."

"Sitafuti wateja. Napiga wanaopita."

"Wamekulipa?"

"Hapana."

"Sasa hiyo picha utauzia nani?"

"Ni ya baba yangu."

"Na yeye yuko kwa picha?"

"Hayuko."

Karanja alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mimi nimeona biashara hii town," akasema, "lakini hiyo sijaona." Akakaa kando yangu kwenye nyasi anilinde, au achunguze, sijui. Akaita muuza mayai. Tulikula mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa katikati na kutiwa kachumbari, yeye akinieleza jinsi simu zenye kamera zitakavyomwua, mimi nikijibu kwa mdomo uliojaa.

Alizungumza sana, na huo ndio ukawa msaada wake, ingawa hakuukusudia. Kwa sababu tulikaa mno, watu walianza kunizoea. Waliokuwa wamesimama wima walichoka kusimama wakaendelea na mambo yao. Mbele yetu palikuwa na njia inayokatiza nyasi, na nyuma yake lile ziwa dogo linang'aa. Nikaacha kuwakimbiza watu. Nikaelekeza kamera pale penye mwanga, nikaiweka juu ya magoti, nikangoja waingie wenyewe. Akapita mwanamke na viatu mkononi. Akapita mzee akisoma gazeti bila kuangalia chini. Nikawapata wote wawili na hakuna aliyegeuka.

Kisha akaja bwana mmoja amebeba godoro kichwani, limeinama mbele na nyuma kama paa la nyumba, na maji yanang'aa nyuma yake. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Karanja akanyanyuka akampungia. "Wewe wa godoro! Simama hapo hapo, madam anakupiga bure!"

Bwana akasimama. Akatua godoro. Akajipanga.

"Nimekusaidia," Karanja akaniambia, amefurahi. Nilimshukuru. Mtu aliyekupa yai hutamtukana.

Kilima na chai ya Mama Njeri

Kilima cha kutoka bustanini kwenda kuingia Ngong Road baba alikuwa akikiita "mshahara," kwa sababu unakitolea jasho jingi na kinaisha ghafla. Miguu yangu ya studio ilikubaliana naye. Mvua ikarudi nusu ya njia, nikajibanza chini ya mti pamoja na mwuza miche ya maua ambaye alinifunikia kamera kwa mfuko wake wa nailoni. Nilipofika karibu na Adams Arcade njaa ilikuwa imeshanikwangua tumbo.

Kando ya barabara palikuwa na msururu wa vibanda vya mbao: kinyozi, fundi viatu, vyakula. Nilisimama ng'ambo, nikatoa kikaratasi changu, nikaanza kuvitazama kimoja kimoja kupitia tundu, nikirudi hatua nyuma, nikisogea, nikitafuta mahali penye mwanga. Niliona watu wanatoka milangoni kunitazama. Sikuwaza kitu.

Nikavuka na kuingia kibanda cha vyakula. Mwenyewe, Mama Njeri, alinifutia benchi kwa aproni yake. Niliagiza chai na chapati moja. Ikaja chai ya maziwa matupu, chapati mbili, na sahani ya nyama ya kuchemsha yenye viazi ambayo sikuiagiza.

"Kula tu, madam," akasema. "Umetembea mbali."

Nilikula. Mnanijua. Nikadhani ni ukarimu wa watu wa huko. Nilipofika kwenye mfupa, akakaa mbele yangu, mikono amekunja mapajani.

"Hii yangu iko nyuma kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Ukipima vizuri utaona. Ile ya kinyozi ndio imeingia kwa barabara. Mimi sisemi mabaya ya jirani, lakini ukipima utaona."

"Nipime nini, mama?"

"Si wewe ni wa barabara? Tumekuona na hiyo kitu kwa jicho, unapima."

Ndipo nilipotazama nje na kuona kile nilichokuwa nimekipita bila kukiona: kwenye ubao wa kila kibanda, alama kubwa ya X iliyopakwa kwa rangi nyekundu. Mnajua maana yake. Barabara itapanuliwa, na kilichowekwa alama hiyo kitaondoka siku yoyote.

Nilimweleza yote, baba, tundu la ufunguo, filamu. Nilimpa kikaratasi achungulie mwenyewe. Akachungulia, akakirudisha, akautazama ule mfupa kwenye sahani yangu kama anayefikiria kuurudisha sufuriani.

"Kwa hiyo hauandiki kitu."

"Siandiki kitu."

"Na mimi nimekupa nyama."

"Nitalipa nyama."

Akacheka, kicheko kidogo kisicho na raha, kisha kikawa kikubwa zaidi kwa sababu yule kinyozi alikuwa ameingia na soda ya kuniletea. Nililipia kila nilichokula na soda nikaikataa. Nilikuwa nimeshika mkoba niondoke, aibu imenijaa, Mama Njeri aliposema, "Basi nipige na kiosk yangu. Kabla wenyewe hawajakuja."

Filamu ilikuwa imebaki kidogo sana, na baba alikuwa amekataa watu waliosimama. Lakini huyu angetembea kwenda wapi? Alivua aproni, akajifunga kitambaa safi, akasimama mbele ya kibanda. Alisimama juu ya ile alama kabisa, mgongo wake umeifunika, mikono ubavuni, kidevu juu. Siku nzima nilikuwa nimeuchukia msimamo huo. Kwake niliuelewa, na nilihuzunika. Alikuwa anasimama hivyo ili ahesabiwe kuwa yupo. Nilipiga.

Mtu wa mkate

Jua lilitoka jioni, wakati nimeshaiacha Adams Arcade nyuma. Kwa wasiojua, ukitembea Ngong Road kwenda Dagoretti Corner jioni, jua linakuwa mbele yako, chini, linakupiga usoni. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipopanga safari. Watu wote walionipita kutoka kazini walikuwa weusi mbele ya mwanga, kila mmoja amekatwa kama kwa makasi. Nilikuwa nimehangaika siku nzima kutafuta kile ambacho barabara yenyewe ilikuwa imeniwekea mwishoni.

Filamu ilikuwa na nafasi ya picha mbili tu. Nikaanza kuchagua, na kuchagua ni kazi. Huyu anatembea vizuri lakini wako watatu, watashikana wawe kichaka. Yule yuko peke yake lakini nyuma yake kuna lori. Kisha akanipita mwanamume mwenye koti, mrefu wa wastani, si mzee wala si kijana. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Mwingine ulibeba mkate ndani ya nailoni, na mkate ulikuwa unapiga goti lake kila hatua. Alitembea kama mtu aliyechoka mwili lakini mwenye haraka ya kufika. Nilimtazama kwenye tundu na nikajua ndiye.

Nikamfuata. Pale njia imejaa mafundi wa sofa, fremu za viti zimepangwa hadi ukingoni mwa lami, na kila nilipopata nafasi kiti kiliingia. Nikaongeza mwendo, nikapunguza. Baiskeli ikaingia. Mbuzi wa mtu akaingia. Mwishowe yule bwana alizipita sofa zote, akabaki na anga tupu mbele yake. Nilichutama karibu nikae chini, nikamwachia nafasi ya kutosha mbele ili picha isimgonge uso, nikangoja mguu wa nyuma uinuke. Nikabonyeza.

Akageuka. Nikainuka na matope magotini.

"Madam," akasema, "ni bibi yangu amekutuma?"

"Hapana."

"Kutoka kwa zile sofa unanifuata. Mwambie naenda nyumbani moja kwa moja. Mkate ndio huu." Akauinua niuone.

Nilicheka nikashindwa kusema. Nilipopata pumzi nikamweleza. Jina lake Ndung'u, anafanya kazi ghala moja Industrial Area na anatembea, kama baba. Hakuniamini hadi nilipomwambia kuwa baba alikuwa akipanga nyuma ya soko la Dagoretti Corner. Hapo akalainika.

"Nimekupiga mgongo," nikamwambia. "Kama hutaki, hiyo picha sitaitoa."

"Mgongo? Mgongo ni ya kufanyia nini? Hiyo baki nayo. Sasa nipige vizuri."

Akasimama wima kando ya barabara, mkate ubavuni, kidevu juu. Mkono mmoja tu ndio ulibaki mfukoni. Nikamwambia, kwa mazoea ya studio, autoe ukae sawa na mwenzake.

"Huu hautoki," akasema. "Leo ni mwisho ya mwezi. Huu uko kazini mpaka nifike kwa mlango."

Nikampiga hivyo hivyo. Filamu ikaisha.

Dagoretti Corner

Tulitembea pamoja hadi kwenye njia panda. Ilikuwa na kelele, moshi wa mahindi ya kuchoma, na makanga wakiita abiria. Ndung'u alinionyesha duka ambapo nitamwachia picha yake, akaniaga kwa kichwa, akapotea sokoni na mkate wake. Nilisimama pale nikitafuta kitu cha kuhisi. Nilitegemea kuona dalili ya baba, dirisha, ukuta, chochote. Sikuona, na sikuhuzunika kama nilivyodhani ningehuzunika. Miguu ilikuwa inauma mno. Nilikula hindi moja, nikaenda kulala kwa binamu yangu, na kesho yake nikarudi Machakos.

Nyumbani

Nilizisafisha picha mwenyewe, kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, weusi uwe weusi na weupe uwe weupe. Jumapili baada ya kanisa nikazipeleka. Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, mahali penye jua. Mwaitu alikuwa anachambua maharagwe kando yake.

Nikampa ya mkokoteni. "Miti miwili," akasema. Ya mzee wa gazeti aliishika muda, akasema kuna ndege. Nikampa ya Mama Njeri.

"Huu ni mlango."

"Ni mwanamke amesimama mbele ya mlango, baba."

Akaisogeza, akaizungusha kidogo kwenye jua. "Anamzuia nani asiingie?" akauliza.

Ya Ndung'u niliiacha ya mwisho. Aliipokea, akaisogeza karibu na jicho la kulia, lile lililo zima zaidi. Alikaa nayo.

"Nani alinipiga hii?" akauliza. "Sikumwona mtu."

Nilimtazama mwaitu. Mwaitu aliacha maharagwe.

"Ulikuwa umempa mgongo," nikasema.

"Ni pale mbele ya mafundi wa viti. Jua liko usoni." Kidole chake kikaipapasa ile picha. "Na ni siku ya mshahara. Mkono huo mfukoni. Tukitoka River Road tulikuwa hatuutoi, mama. Waliochanwa mifuko walikuwa wengi. Nilitembea nao humo, nikalala nao humo, nikapanda basi nao humo. Watu wananinyooshea mkono langoni hapa, na siwezi kuwapa, mpaka niingie ndani niweke mshahara mezani."

Alisema yote kwa utulivu, kama anaeleza njia ya dukani. Mwaitu alisimama na sinia lake la maharagwe, akaondoka. Nilimkuta kwenye banda la mbuzi, hafanyi kitu.

"Yule si baba yako," akasema bila kunitazama. "Koti la baba yako lilikuwa refu kuliko lile."

"Najua, mwaitu. Nimwambie?"

Mbuzi walikuja kunusa sinia, akawaacha wale.

"Miaka yote hiyo," akasema, "mimi nilidhani ni maringo."

Tulikaa pale mpaka mbuzi walipoyamaliza maharagwe. Kisha akajifuta uso kwa khanga, akaniambia nikate fremu ya mbao nzuri, ya kioo.

Picha ya Ndung'u aliyosimama wima nimeshaituma kwenye lile duka alilonionyesha, na ya Mama Njeri nimeituma kwake kibandani, nikitumaini kibanda bado kipo. Mlioniuliza kwa nini ile nyingine, ya mgongo, sijaiweka kwenye dirisha la studio, ndiyo sababu. Iko nyumbani, karibu na kiti cha baba, chini kabisa ukutani, mahali ambapo jua la jioni linafika. Anaitazama akiwa peke yake. Na mwaitu hajamwigiza tena.